Spika zikitoa "tak", angalia ukomo wa kufunga kumbukumbu

Studio yangu ni chumba kimoja Mwanjelwa: magodoro ukutani, kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4, na Linux. Machi narekodi kwaya, waimbaji wamejifunga makoti, na kila soloisti akipanda juu, spika zinatoa "tak". Nikalaumu waya. Nikalaumu umeme. Nilishabadilisha waya mbili ndipo nikasoma kile ambacho JACK, programu yangu ya sauti, ilikuwa inaniandikia tangu asubuhi: "Cannot lock down". Imeshindwa kufunga kumbukumbu.

RAM ikibana, Linux huhamishia baadhi ya kurasa zake, yaani vipande vya kumbukumbu, kwenye diski. Ukiwa unaandika barua, hutagundua. Kwenye sauti, ukurasa ukihitajika ghafla inabidi usubiriwe utoke kwenye diski, na diski ya kuzunguka haina haraka na mtu. Ndiyo maana JACK huomba kurasa zake zifungwe zisihamishwe. Ila kiini (kernel) cha Linux humwekea mtumiaji wa kawaida ukomo wa kiasi anachoweza kufunga. Kwa miaka mingi ulikuwa KB 64, kiasi cha kuchekesha. Toleo la 5.16, Januari 2022, likaupandisha hadi MB 8. Programu ya kwanza kuwaka huupokea, na zinazozaliwa baadaye hurithi, mpaka mtu aubadilishe njiani. Huna haja ya kugusa kiini chenyewe.

Kwanza jua ulipo. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika:

ulimit -l

Jibu huja kwa KB. Usijipime ukiwa root, msimamizi mkuu wa mfumo, kwani yeye habanwi na ukomo huu na utadhani mambo ni shwari.

Sasa, kwa sudo, amri inayokupa ruhusa za root, tengeneza faili /etc/security/limits.d/studio.conf, uandike:

@audio soft memlock 1048576
@audio hard memlock 1048576

Alama ya @ ni kundi la watumiaji. Soft ni ukomo unaofanya kazi. Hard ni dari ambayo mtumiaji hawezi kuipita mwenyewe. Namba hiyo ni KB, yaani GB 1, robo ya RAM yangu. Wengi watakwambia uandike unlimited. Mimi sikubali: programu moja ikichanganyikiwa itafunga RAM yote, na kiini kitaanza kuua programu nyingine ili kipumue, pengine ile yenye rekodi yako.

Jiingize kwenye kundi:

sudo usermod -aG audio jinalako

Kisha toka kabisa na uingie upya. Kufungua terminali nyingine hakutoshi. Hapo nilipoteza nusu saa nikidhani nimekosea tahajia. Ulimit -l ikisoma 1048576, washa JACK na uangalie imefunga kiasi gani:

grep VmLck /proc/$(pidof jackd)/status

Kama programu yako inawashwa na systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, kama huduma ya mfumo, faili lile halisomwi. Andika LimitMEMLOCK=1G chini ya [Service] kwenye faili la huduma hiyo, kisha sudo systemctl daemon-reload, na uiwashe upya.

Kwaya walirudi Jumamosi. Tulisimama mara mbili tu, zote kwa sababu ya mvua kwenye bati.