Jinsi ya kutumia methali "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji"

Wembe ukipita kwenye nywele kavu huvuta na kukwaruza. Nywele zilizolowa hulainika na kukatika kwa urahisi. Ndiyo maana anayesubiri zamu yake huambiwa azilowanishe mapema. Maana ya ndani: likimpata mwenzako jambo linaloweza kukufikia na wewe, jiandae sasa.

Kabla ya kuitumia, hakikisha mambo mawili. Kwanza, anayeambiwa awe katika hali ileile na aliyepatwa: wafanyakazi wa idara moja, wapangaji wa nyumba moja. Pili, muda wa kujiandaa uwe bado upo. Hapa ndipo wengi wanapokosea, wanamtolea methali hii mtu ambaye tayari yamemkuta. Huyo "Majuto ni mjukuu" ndiyo inayomhusu, ingawa neno la pole lingemfaa zaidi. Na kama ni kasoro ndogo inayozidi kukua, tumia "Usipoziba ufa, utajenga ukuta".

Katika insha, taja tukio kwanza, kisha methali, kisha hatua: "Jirani ameibiwa kwa sababu ya kitasa kibovu. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Badilisha chako leo." Bila hatua hiyo ya mwisho, methali inaning'inia tu.

Mbele ya huyo aliyenyolewa usiitamke kabisa, atasikia kejeli. Kwa mtu aliyekuzidi umri, tanguliza "Wahenga walisema", au taja nusu ya kwanza na umwachie aimalizie mwenyewe.