Kabla ya Kufufua Programu Huria Iliyolala

Tuseme wasanidi wanne wa Nairobi wamekubaliana kufufua programu huria ya kutunza hesabu za chama. Imeandikwa kwa Django 2.2, mfumo wa kujengea programu za tovuti kwa lugha ya Python, inapokea michango kupitia M-Pesa, na tangu 2019 haijaguswa. Hamu ni kubwa, kila mmoja anataka kufungua laptopu Jumamosi hiyo hiyo. Ngojeni kidogo. Miradi ya namna hii hukwama kwenye funguo na ruhusa kabla haijakwama kwenye msimbo.

Anzeni kwa kuandika kila mahali mradi unapokaa na nani anashika nywila yake: hazina ya msimbo, jina la kikoa, seva, akaunti ya PyPI (ghala la mtandaoni la vifurushi vya Python), akaunti ya Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa). Kikoa ndicho husahaulika. Kikiwa kimesajiliwa kwa barua pepe ya kikoa chicho hicho, siku muda wake ukiisha barua za kubadili nywila nazo hazifiki. Ufunguo umebaki ndani ya nyumba iliyofungwa. Fungueni mapema anwani ya kikundi iliyo nje ya kikoa hicho.

Kisha mtafuteni mwenye mradi. Mwandikieni kwa adabu, kwa barua pepe na pia hadharani kwenye hazina, mseme mnataka kufanya nini na mnaomba ruhusa ipi. Mpeni siku 30. Wengi hufurahi, ni vile tu maisha yaliwapeleka kwingine. Asipojibu, PyPI ina utaratibu wa majina yaliyoachwa, PEP 541, lakini nao huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo msiahidi toleo la mwezi ujao chini ya jina hilo. Mkilazimika kuanzisha nakala yenu ya kujitegemea kwenye GitHub, ripoti za hitilafu hazitafuatana nayo. Zipakueni: mara nyingi humo ndimo pekee palipoandikwa kwa nini riba inakokotolewa hivyo.

Leseni nayo. Faili lake lisipokuwepo, msimbo si huria hata kama kila mtu anauona. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya huihesabu programu ya kompyuta kama kazi ya fasihi, na haki ni za mwandishi, au za mwajiri wake ikiwa aliiandika kazini. Kubadilisha leseni ya GPL iwe ya MIT, yenye masharti machache zaidi, kunataka kibali cha kila mchangiaji mwenye haki. Amri ya git shortlog -sne (git ni chombo kinachotunza historia ya msimbo) itawaonyesha ni wangapi. Wakizidi ishirini, iacheni leseni ilivyo mwendelee na kazi.

Sasa siri, na hapa msiharakishe. Huenda msanidi wa zamani aliweka funguo za Daraja ndani ya faili la mipangilio, settings.py, akaziondoa kesho yake akaona yamekwisha. Hayajaisha. Git hutunza kila hatua, na git log -p -- settings.py itazitoa kama zilivyokuwa. Siri iliyowahi kuonekana hadharani ni ya kubadilishwa, kuifuta hakutoshi. Zito zaidi ni faili la majaribio lenye namba za simu na vitambulisho vya wanachama halisi. Wekeni kando nakala kamili kwa git clone --mirror, kisha lisafisheni kwa git filter-repo, mkijua kwamba nakala zilizo kwa watu wengine zitabaki nalo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 humtaka mdhibiti wa data amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuna uvujaji unaohatarisha watu, kwa hiyo amueni leo nani atapeleka taarifa hiyo.

Ndipo mfike kwenye msimbo. Chukueni kompyuta safi yenye Python 3.8, mfuate maelekezo neno kwa neno, mwandike kila panapokwama. Kama psycopg2, maktaba inayounganisha programu na hifadhidata ya PostgreSQL, imeorodheshwa bila namba ya toleo, mtaletewa toleo jipya, na programu itagoma ikidai muunganisho wa hifadhidata hauko kwenye UTC, saa ya kimataifa. Msihangaike na saa ya seva. Kuanzia 2.9 maktaba hiyo haipatani na Django 2.2, andikeni psycopg2<2.9 na itawaka.

Ikishawaka, tungeni majaribio ya kila kinachogusa pesa: mchango, mkopo, riba, faini, salio. Kisha pandeni ngazi moja moja, 2.2 hadi 3.2, halafu 4.2. Django 4.0 iliondoa kabisa url() na ugettext, amri za zamani za kupanga anwani za kurasa na kutafsiri maneno, ilhali 3.2 hutoa onyo tu na kuwapa nafasi ya kurekebisha kwa utulivu. Python 3.8 huendesha zote tatu, Django 5.2 inadai Python 3.10 kwenda juu, basi hiyo ni safari ya baadaye. Nembo na tovuti zingoje.

Kuhusu watu, haki ya kutoa toleo ishikwe na angalau wawili, wala isipewe mgeni kwa sababu tu mmechoka. Kwenye xz, programu huria ya kubana faili, mtunzaji aliyelemewa alimkabidhi mchangiaji aliyejenga imani kwa miaka kama miwili, na matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya 2024 yakatoka na mlango wa siri ndani. Mlango huo uligunduliwa na msanidi Andres Freund kwa kuwa kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kulichelewa nusu sekunde. Hesabuni pia saa kwa ukweli: wanne wakitoa saa nne kwa wiki ni 16, na nusu italiwa na kujibu maswali na kukagua michango.

Wekeni tarehe ya kujipima, miezi sita inafaa. Ikifika bila toleo, tangazeni juu kabisa ya README, faili la maelezo ya mradi, mfunge hazina iwe ya kusomwa tu, na kila chama kiweze kutoa hesabu zake kwa CSV, faili la jedwali la kawaida. Sehemu hiyo ya kutoa hesabu iandikeni mwezi wa kwanza, wakati bado mna nguvu.