Stoma nyumbani: itazame, ipime, ujue lini uwahi hospitali

Ndugu zangu, somo la leo ni la waliowekewa stoma, yaani utumbo uliotolewa nje tumboni ili haja ipitie hapo, na la wanaowauguza. Nimewahudumia wodini wagonjwa wa utumbo uliojisokota, wa taifodi iliyotoboa utumbo, na watoto waliozaliwa bila njia ya haja. Wengi wanaorudi na tatizo kubwa, dalili zilishaonekana siku mbili tatu kabla. Ila walikuwa wanaona haya kuitazama.

Hatua ya 1: Rangi. Itazame kwenye mwanga kila siku. Stoma yenye afya ni nyekundu au ya waridi na ina unyevu, kama ndani ya mdomo wako wa chini. Vitone vya damu unapoifuta si tatizo. Ikigeuka zambarau, kijivu au nyeusi, damu haiifikii: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Damu isiyokata baada ya kuikandamiza kwa kitambaa safi dakika 10, vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Ngozi. Hapa ndipo watu wanapoteseka zaidi, na mara nyingi chanzo ni tundu la mfuko wa haja unaobandikwa juu ya stoma kukatwa kubwa mno, haja ikapita chini ya gundi na kuunguza ngozi. Uvimbe wa stoma hupungua kwa wiki 6 hadi 8 za mwanzo, kwa hiyo kipimo ulichopewa wodini hakikufai tena mwezi wa pili. Pima upya kila wiki, tundu lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Osha kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa. Usipake spiriti, wala mafuta, maana gundi haitashika. Mwaga mfuko ukifika theluthi moja. Ngozi iliyochubuka na kutoa majimaji, nyunyizia poda ya stoma, pangusa inayozidi, ndipo ubandike. Anayetumia vitambaa kwa kukosa mifuko apake krimu nzito ya zinki.

Hatua ya 3: Kiasi. Hii ni ya wenye ileostomi, stoma ya utumbo mwembamba. Mwagia haja kwenye jagi lenye vipimo, andika. Ikizidi lita 1 na nusu kwa siku, mwili unakauka. Maji matupu mengi huzidisha hali, kwa sababu yanatoka na chumvi ya mwili. Mpe mgonjwa ORS, yaani unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji, kidogokidogo. Ikikosekana: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha.

Hatua ya 4: Ukimya. Ileostomi isipotoa kitu kwa saa 6, tumbo likajaa na kuuma, au akatapika, usimpe dawa ya kumfanya aharishe. Hospitali.

MASWALI

*Sista, stoma ya mume wangu imechomoza kama kiganja tangu alipokohoa jana. Rangi bado nyekundu.*

Pole mama. Alale chali, nyunyizia sukari ya kawaida juu yake, funika kwa kitambaa safi chenye unyevu kwa dakika 20 hadi 30. Sukari huvuta maji, uvimbe unanywea. Kisha isukume taratibu kwa kiganja. Ikigoma usilazimishe, na ikibadilika rangi au ikiuma, mpeleke mara moja. Hata ikirudi, daktari aione wiki hii.

*Mama mkwe anataka tumkaze mtoto kitambaa tumboni ili kolostomi, stoma yake ya utumbo mpana, isitoke.*

Mwambie kwa heshima kwamba kukaza kunaweza kuzuia damu. Nepi ya kawaida iliyofungwa juu ya stoma inatosha, krimu ya zinki ikiwa pembeni.

*Baba ana ileostomi. Dafu haliwezi kuchukua nafasi ya ORS?*

Haliwezi. Dafu lina potasiamu nyingi lakini chumvi kidogo, na chumvi ndiyo anayoipoteza. Kwani anatoa kiasi gani?

*Tumepima tangu jana asubuhi mpaka leo, lita 2. Akisimama anaona kizunguzungu, na mkojo ni kidogo sana.*

Mpelekeni sasa hivi, kijana wangu. Njiani aendelee na ORS, na hiyo karatasi ya vipimo mkabidhini daktari mkononi.