Kabla Hujaanza Kumtafuta Babu Aliyekuwa Keya

Keya ni askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza hapa Afrika Mashariki. Kumtafuta, anza na wazee. Usingoje sikukuu, maana hawangoji. Beba daftari, washa simu irekodi, uliza swali moja kisha nyamaza.

Wakitaja mahali, andika walivyotamka, usijitie kuwasahihisha. Mzee akisema "Uhabeshi", anazungumzia vita dhidi ya Waitalia, 1940 na 1941. "Bukini" ni Madagaska, 1942. "Bama" ni Burma, 1944 na 1945, na hapo kuna uwezekano babu alikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye nembo ya kichwa cha kifaru. Kama kuna picha yake ya zamani, mwangalie begani.

Hakikisha pia kwamba alikuwa Keya kweli. Kwetu kila aliyevaa kaptura ya jeshi la Mwingereza huitwa Keya, kumbe wengine walikuwa madereva, wengine vikosi vya kazi, na kumbukumbu zao haziko fungu moja. Kama ni Keya, tafuta batalioni. Ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na wakati wa vita zikaongezwa ya 26 na ya 36. Ya 4 ni Uganda, ya 3 na ya 5 Kenya, ya 1 na ya 2 Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Na kama unayemtafuta ni wa vita vya 1914 hadi 1918, usimfanye Keya moja kwa moja: huenda alikuwa askari wa Mjerumani, au mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, jina lililotuachia Kariakoo. Wapagazi wengi sana hawakuandikwa majina kwenye kumbukumbu yoyote ya waliokufa, kwa hiyo punguza matumaini mapema.

Sasa karatasi. Hapa nisikilize vizuri.

Babu yangu alikuwa na cheti cha kuachishwa jeshi, amekikunja mara nne ndani ya kopo la tumbaku. Miaka michache baada ya kufariki kwake, akapita mtu kijijini anakusanya vyeti vya waliopigana vita, eti fidia inakuja. Baba mdogo akampa kile cheti chenyewe, bila nakala, na hela ya "kufungua faili" juu yake. Mtu huyo hatukumwona tena. Ukiwauliza ukoo mzima namba ya jeshi ya babu, kila mmoja anakumbuka rangi ya karatasi tu.

Ikabidi nimtafute kwa jina. Miaka miwili nilihangaika na jina lake la ubatizo, mpaka shangazi akanicheka: "Wewe! Baba kabatizwa sisi tumeshazaliwa." Vitani alikwenda na jina la utotoni, tena kama karani alivyolisikia. R ikawa L, jina la baba yake likaachwa nusu. Majina ya namna hiyo kwenye orodha moja yanaweza kufika kumi, na kinachowatenganisha wenye majina hayo ni namba.

Namba nilikuja kuikuta stoo kwa bibi, kwenye kisufuria cha jeshi alichokuwa akipimia ulezi. Kitako chake kimetobolewa vidoti kwa ncha ya msumari, vidoti vimepangwa vikawa tarakimu. Herufi za mwanzo zimelika kwa miaka ya kusuguliwa na mchanga. Tarakimu moja hadi leo mimi nasema 3, mdogo wangu anasema 8.

Kwa hiyo: piga picha kila kitu kabla hujakikunjua mara ya pili. Picha, geuza upande wa nyuma. Medali, zungusha ukingoni, kwa sababu za vita ya kwanza zilichongwa jina na namba pale. Sufuria, sanduku, mkanda, pindua vyote. Na karatasi halisi haitoki nyumbani, hata mtu aje na barua ya mihuri mitatu.

Ukifika kwenye hifadhi za nyaraka, jua utakachokuta. London, pale Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, kuna shajara za vita za batalioni, zinazoandika siku kwa siku: mvua, safari za miguu, siku walipoingia Kalewa Desemba 1944. Maofisa wa Kizungu wanatajwa kwa majina, askari mara nyingi kwa idadi. Usikate tiketi ya ndege ukidhani utamkuta babu ameandikiwa ukurasa wake. Orodha ya mtandaoni ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola nayo ni ya waliokufa, kwa vita ya pili mwisho Desemba 1947. Babu aliyefia kitandani kwake uzeeni hayumo, usikeshe bure. Aliyeondoka asirudi, huyo mtafute humo, na usiisahau meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo ikazamishwa 12 Februari 1944 ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Mengine unayajua. Nakala moja akae nayo ndugu wa mbali na kwako. Usiwaahidi watu fidia. Anayepiga simu kuomba ada ya kufuatilia faili, kata. Na ukikuta jambo la aibu, labda alifungwa jeshini, au kuna mke aliyeachwa huko, usilisome kwenye kikao cha ukoo. Mwite shangazi pembeni kwanza, pengine analijua siku nyingi.