Tangawizi kwa kichefuchefu cha mimba changa: itumie kwa kipimo

Mimi ni mkunga. Wajawazito wanaokuja kwangu wakiwa hawatamani hata harufu ya chakula huniuliza jambo lilelile: ninywe nini cha asili? Jibu langu la kwanza ni tangawizi. Ila ujue mapema, dada: tangawizi hupunguza kichefuchefu kuliko inavyozuia kutapika. Na hali yenyewe kwa kawaida huanza kama wiki ya 6, hupamba moto karibu na wiki ya 9, kisha kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 12 na ya 16.

Chukua tangawizi mbichi, kwangua ganda lake kwa ukingo wa kijiko, kisha itwange au iparuze. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa siku nzima. Kigawe mara nne. Kila fungu limwagie kikombe cha maji ya moto, funika dakika kumi, chuja. Ukitumia ya unga, isizidi gramu 1 kwa siku, yaani kama nusu kijiko cha chai.

Sasa usiinamie kikombe kinachofuka moshi. Mvuke ule ukiingia puani unaweza kukutapisha kabla hujanywa. Acha chai ipoe kabisa, iweke kwenye kikombe chenye mfuniko, unywe kwa mrija, funda moja moja. Kama hata hivyo haikai, igandishe, umumunye kipande cha barafu. Nawapenda sana wanaojaribu hili kwa subira, maana tumbo lililochafuka hupokea kidogo kidogo.

Tangawizi ikikuletea kiungulia, punguza. Kama unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, usiianze kabla ya kuongea na daktari.

Limau halihitaji kunywewa: kata, nusa. Wengine hutulizwa na chai nyepesi ya mnanaa, ingawa mwenye kiungulia inaweza kumzidishia.

Kula kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, na usiache tumbo tupu. Vidonge vya madini chuma vikikuchafua, uliza kama unaweza kuvimeza usiku pamoja na chakula. Usiviache kwa uamuzi wako. Uliza pia kuhusu vitamini B6, husaidia wengi.

Hapa nasisitiza kwa moyo wote: kuwa ni mti shamba hakuifanyi dawa kuwa salama kwa mimba. Shubiri usinywe. Pakanga usinywe. Mafuta ya nyonyo usinywe. Na mchanganyiko wa mizizi ambao anayekuuzia hawezi kukutajia kilichomo, mrudishie, hata akiapa kuwa umewasaidia wengi. Miezi mitatu ya kwanza ndipo viungo vya mtoto vinapoumbika.

Acha kuchemsha majani na uende hospitali leo hii ukiona hata kimoja kati ya haya: siku nzima maji hayakai tumboni, mkojo ni wa rangi iliyokolea au hujakojoa kwa saa nane, unaona kizunguzungu ukisimama, unapungua uzito, unatapika damu, au tumbo linauma. Homa nayo haitokani na kichefuchefu cha mimba; ina chanzo chake, huenda ni malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Kutapika kupita kiasi kunaweza pia kuwa dalili ya mapacha au ya mimba zabibu (mimba isiyo ya kawaida, ambapo kondo hukua kama vishada vya zabibu), na hayo huonekana kwa kipimo cha ultrasaundi.

Ukifika, sema mara ya mwisho ulikojoa lini, na utaje kila dawa ya mitishamba uliyokunywa, hata ile uliyopewa na mama mkwe. Hatuulizi ili tukugombeze. Tunauliza ili tusikupe dawa itakayogongana nayo.