Pima mwenyewe: jiko banifu linaokoa mkaa kweli?

Muuzaji atakwambia linaokoa nusu ya mkaa. Hilo linapimika. Tafuta mzani wa dijitali unaosoma gramu, kipimajoto, koleo, ndoo ya bati yenye mfuniko, na mkaa mkavu wa gunia moja. Mkaa ulioshika unyevu utakudanganya: unapima maji ukidhani ni mkaa.

1. Chekecha mkaa, chenga weka kando kwani huziba matundu ya kigae (udongo uliochomwa ulio ndani ya jiko) na moto unafifia. Pima gramu 400.

2. Washia nje, pasipo upepo, mlango wa hewa ukiwa wazi. Kukosa moshi kusikupumbaze: kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki, na hutoka kwa wingi wakati wa kuwasha na unapoongeza mkaa mweusi.

3. Mkaa ukikolea, injika sufuria yenye lita 2.5 za maji bila kifuniko. Andika joto la maji. Yakitokota, andika tena (Nairobi, kwa sababu ya mwinuko, ni nyuzi 94 hivi, si 100), kisha yaache yachemke dakika 30.

4. Epua, pima maji yaliyobaki. Hamishia mkaa kwenye ndoo, funika hadi uzime. Usiumwagie maji. Ukipoa, upime bila majivu.

Hesabu, tuseme uko Dar es Salaam: kupasha kilo 2.5 kutoka nyuzi 25 hadi 100 ni 2.5 × 4.186 (joto la kupasha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja) × 75, yaani kilojuli (kJ) 785. Maji yaliyokauka ni gramu 400: 0.4 × 2,260 (joto la kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke) ni kJ 904. Jumla 1,689. Mkaa ulioungua ni gramu 200. Kilo moja ina takriban kJ 29,000, kwa hiyo 5,800. Gawanya 1,689 kwa 5,800: ufanisi, yaani sehemu ya joto la mkaa iliyoingia kwenye maji, ni asilimia 29. Pima na jiko lako la kawaida vivyo hivyo, ulinganishe.

Sasa rudia papo hapo, jiko likiwa bado la moto. Hapa ndipo wengi hukosea, wanapima mara moja tu. Kigae kikiwa baridi hunywa joto kwanza, na jiko la bati tupu linaweza kulishinda jiko banifu kwa kuchemsha chai. Kwenye maharage ya saa mbili ndipo kigae hulipa. Mzunguko wa pili usipokuwa nafuu, kagua nyufa za kigae na saruji inayokishikiza kwenye bati, halafu tazama sufuria: ikikaa juu mno ya makaa, joto linapita pembeni.