Subaru ya turbo Goma: tazama haya kabla ya kuongeza nguvu

Wandugu wa Goma mnaotafuta Impreza WRX au Forester ya turbo iliyokwisha kutumika, msianze kwa kuuliza nguvu za injini. Nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na umwombe mwenye gari asiiwashe kabla hujafika. Ukisikia mlio wa kugonga ndani ya injini unaoongezeka kadiri unavyokanyaga mafuta, ondoka, hata bei ikiwa nzuri namna gani. Moshi wa buluu maana yake oili inaungua.

Kisha inama uangalie matairi. Yote manne yawe ya saizi moja na yawe yamelika sawa, kwa sababu gari hizi husukuma magurudumu yote muda wote. Tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika huichosha difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) mpaka iharibike. Najua sisi tumezoea kununua tairi mojamoja, lakini kwa gari hii ni hasara kubwa.

Kuhusu kuongeza nguvu: zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zilipangiwa esansi (petroli) ya oktani 100 hivi; oktani ni kipimo cha uwezo wa esansi kutolipuka mapema. Esansi ya kadhafi, yaani muuza esansi wa kando ya barabara, nani atakuhakikishia oktani yake? Ukipandisha presha ya turbo juu ya esansi dhaifu, inalipuka kabla ya wakati na pistoni inapasuka. Pesa hiyo itie kwenye oili nzuri, breki na amotisa (shokabsoba). Wala usilishushe gari; mawe ya lava yatapiga karteri (bakuli la oili chini ya injini).